Mizani Kabla ya Marashi

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro, ukifika Mbande utaona njia inayochepuka kwenda Kongwa. Leo Kongwa inajulikana kwa ranchi yake ya ng'ombe na kwa mashamba ya mahindi na alizeti. Mwaka 1947 ilijulikana Uingereza kote kwa jambo jingine: ndipo serikali ya nchi hiyo ilipokuja kutafuta mafuta ya karanga.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaacha Waingereza na uhaba mkubwa wa mafuta. Tangu Februari 1942 sabuni ilikuwa ikiuzwa kwao kwa mgao, kwa kuwa mafuta yanayoingia kwenye sabuni yalihitajika mezani. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wakubwa wa sabuni na majarini, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Mpango ukavimba hadi ekari 3,210,000. Matingatinga yakaletwa, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa trekta. Ardhi ya Kongwa ikawashinda. Udongo wake ukinyeshewa kisha ukapigwa na jua hukakamaa kama tofali, na mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye karatasi za mpango. Januari 1951 mradi ulivunjwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Naanzia Kongwa kwa sababu kosa lililofanyika pale ndilo linaloharibu sabuni nyingi za nyumbani. Watu walitamani mavuno kabla hawajapima mvua na udongo. Nasi tunaoingia kwenye kazi ya sabuni ya kunukia hutamani harufu kabla hatujapima mafuta. Swali la kwanza ninaloulizwa na kila anayekuja kujifunza ni hili: "Unatumia marashi gani?" Ni nadra sana mtu kuniuliza nina mizani ya namna gani.

Nami nilianza hivyohivyo. Sabuni yangu ya kwanza niliitengeneza kwa maelezo niliyoyanakili darasani, yaliyopimwa kwa vikombe: vikombe kadhaa vya mafuta, kikombe kimoja cha kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu. Ikatoka nyeupe, imenyooka, inanukia karafuu hadi nje ya mlango. Nikampelekea kipande mama mmoja jirani yangu, mtu mzima aliyenizoea kama mwanawe. Baada ya siku tatu nikapita kumsalimia. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akanionyesha vidole vyake, ngozi imeanza kubanduka kwenye ncha.

"Sabuni yako inanukia vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini inauma."

Hakusema zaidi. Kila nikifundisha kazi hii huanza na maneno yake, kwa kuwa yamebeba somo lote.

Kinachotokea ndani ya ndoo

Kostiki huuzwa ikiwa magamba au punje ndogo. Kikombe cha magamba kina nafasi nyingi za hewa, na kikombe cha punje kimeshindiliwa. Ukipima kwa kikombe, leo utaweka kidogo na kesho utaweka nyingi, ukidhani umeweka sawa. Kostiki ikipungua, sabuni hubaki laini na yenye mafuta. Ikizidi, ile iliyokosa mafuta ya kuungana nayo hubaki ndani ya kipande, ikisubiri ngozi ya mtu.

Maelfu ya miaka watu walitengeneza sabuni bila kujua sababu ya jambo hilo. Aliyeifafanua ni mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1823 kuhusu mafuta ya wanyama. Alionyesha kwamba mafuta si kitu kimoja. Ni tindikali zilizofungamana na glisarini. Kostiki inapoingia huzifungua zile tindikali na kushikana nazo. Mshikamano huo ndio sabuni, na glisarini huachwa huru. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki inachohitaji, na kiasi hicho hakibadiliki kwa maombi wala kwa uzoefu.

Viwanda vingi huitoa ile glisarini na kuiuza kwa kazi nyingine. Sabuni ya nyumbani hubaki nayo yote. Glisarini huvuta unyevu na kuushikilia juu ya ngozi, jambo lenye maana kubwa kwetu. Anayeishi Dodoma anaujua upepo wa Juni na Julai: miguu hupauka, midomo hupasuka, na mtoto akitoka kuoga huonekana kama aliyepakwa vumbi. Sabuni iliyopimwa vizuri humfaa mtu wa nyanda hizi kuliko wa pwani, na hapo ndipo tulipo na sababu ya kuitengeneza wenyewe.

Mafuta tuliyonayo

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili au karibu na hapo, na haifiki hata milimita 600 katika mwaka wa kawaida. Alizeti huivumilia hali hiyo. Ndiyo maana Singida na Dodoma ni kitovu cha zao hili nchini, na baada ya mavuno mashine za kukamua hunguruma hadi kwenye miji midogo, mafuta yakienda sokoni na mashudu yakienda kwa mifugo. Mtengenezaji sabuni wa huku hana haja ya kuagiza mafuta yake makuu kutoka mbali.

Hata hivyo alizeti peke yake haitoshi. Mafuta yasiyoganda kwenye baridi huzaa sabuni laini inayoyeyuka kwenye kisahani. Tena mafuta ya alizeti huharibika upesi yanapokutana na hewa, na sabuni iliyojaa alizeti huota madoa ya rangi ya chungwa na kutoa harufu ya mafuta ya zamani, hata ungeitia marashi ya thamani gani. Mimi siizidishi theluthi moja. Inalainisha ngozi na bei yake inavumilika, na kazi yake ni hiyo tu.

Ugumu tunaupata kwenye shahamu ya ng'ombe. Hii ni nchi ya wafugaji, na mara nyingi buchani shahamu hupatikana kwa bei ndogo. Ikatekate vipande vidogo, ichemshe polepole kwa maji na chumvi kidogo, ichuje kwa kitambaa kisafi, kisha iache ipoe usiku kucha. Asubuhi utakuta bonge jeupe limeelea juu ya maji. Kwangua uchafu wa chini yake, rudia kuchemsha mara ya pili, na harufu ya nyama itakuwa imekwisha. Asiyetaka mafuta ya mnyama atumie mawese yaliyosafishwa kwa uzito uleule. Mahitaji yake ya kostiki yanakaribiana sana na ya shahamu.

Povu tunalipata kwenye mafuta ya nazi kutoka pwani. Hayo yasipungue sana wala yasizidi sana, maana nazi nyingi hukausha ngozi. Mwenye uwezo anaweza kubadilisha gramu 50 za alizeti kwa mafuta ya mbegu za ubuyu. Mibuyu tunayo kila upande, na mafuta yake yanasifika kwa kulainisha ngozi.

Watu huniuliza pia kuhusu magadi, kwa kuwa akina mama wa huku huyatia kwenye mlenda na hujua yanavyolainisha mboga. Magadi ni ndugu wa kostiki, ila ni ndugu mpole. Yenyewe peke yake hayana nguvu ya kugeuza mafuta yote kuwa sabuni ngumu. Yabaki jikoni.

Vipimo

Hivi hapa ni vipimo vya sabuni ninayoitengeneza mara nyingi. Kila kitu, pamoja na maji, kipimwe kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja.

- Shahamu iliyosafishwa: gramu 500
- Mafuta ya alizeti yaliyochujwa: gramu 300
- Mafuta ya nazi: gramu 200
- Kostiki: gramu 139
- Maji: gramu 300
- Mafuta ya mchaichai: gramu 20
- Mafuta ya karafuu: gramu 3

Sitaki uikariri hiyo 139 kama namba ya bahati, kwa hiyo nitaonyesha ilikotoka. Gramu moja ya shahamu huhitaji gramu 0.140 ya kostiki. Alizeti huhitaji 0.134, nazi 0.183, mawese 0.141. Zidisha kila moja kwa uzito wake: shahamu 70, alizeti 40.2, nazi 36.6. Jumla ni gramu 146.8. Sasa punguza asilimia 5, unapata 139. Upungufu huo tunauweka makusudi, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na kostiki isibaki hata chembe. Ukibadilisha mafuta, hata kwa gramu 100, rudi kwenye hesabu hii. Aliyeijua hesabu hii anaweza kutengeneza sabuni kwa mafuta yoyote atakayoyakuta sokoni. Anayenakili vipimo vya mwenzake atakwama siku mafuta ya nazi yatakapopanda bei.

Kuiheshimu kostiki

Kostiki huunguza ngozi na kupofusha macho. Vaa glovu, miwani ya kukinga macho, mikono mirefu na viatu vya kufunika. Fanyia kazi nje au mahali penye hewa, watoto na mifugo wakiwa mbali.

Hapa kuna mtego wa majikoni mwetu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini: sufuria itachemka, itatoa gesi inayoweza kuwaka, na itatoboka. Tumia ndoo ya plastiki nzito au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kijiko na mwiko vitengwe kwa kazi hii tu.

Tia kostiki kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki kamwe, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka usoni. Mchanganyiko utapanda joto hadi kukaribia maji ya chai na kutoa mvuke unaokaba koo. Geuza uso, uache upoe. Ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Ikiingia jichoni, osha hivyohivyo kisha wahi hospitali bila kungoja kuona kama maumivu yatatulia. Na kostiki isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haulizi, na funda moja linaweza kumharibu koo maisha yake yote.

Uji, kisha marashi

Yeyusha shahamu, changanya na mafuta mengine, na usubiri. Maji ya kostiki na mafuta vyote viwe kwenye nyuzijoto 40 hadi 45, yaani ukigusa chombo kwa nje kiganja kinavumilia. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta polepole, ukoroge bila kuacha. Kwa mwiko kazi inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kwa blenda ya mkono ni dakika chache.

Mwanzoni utaona mafuta yamegoma kuchanganyika. Kisha yatapoteza mng'ao, yatakuwa kama maziwa, halafu yataanza kushika. Mtu aliyekulia huku hahitaji kufundishwa dalili ya mwisho: ni uji. Ukiinua mwiko na matone yakaacha mstari juu kwa muda kabla ya kuzama, sabuni yako imefika.

Sasa tu ndipo yanapoingia marashi. Nasisitiza neno sasa, kwa kuwa nimeona watu wakitia maua ya asumini, maji ya ndimu na majani ya mrehani mwanzoni, wakitarajia kunusa bustani. Kostiki ikiwa bado na nguvu huvunja harufu nyororo, na majani mabichi hugeuka kahawia kama chai iliyolala. Kinachodumu ni mafuta yaliyokenekwa. Mchaichai unaota vizuri uani, hata kwa maji tuliyooshea vyombo, lakini kilo 100 za majani mabichi kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mafuta. Ndiyo maana huuzwa kwa vichupa vidogo, na ndiyo maana hatuyamwagi kwa kukisia.

Karafuu inataka adabu zaidi. Mafuta yake hukenekwa Pemba, katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, kwa kutumia vikonyo ambavyo zamani vingeweza kutupwa. Harufu yake hutawala zote. Vilevile huharakisha sabuni kuganda: ukiizidisha, uji hugeuka bonge mkononi kabla hujafikia kiboksi, tena huwasha ngozi. Gramu tatu zinatosha kuupa mchaichai mzizi, maana mchaichai peke yake huruka juu na kupotea upesi. Koroga sekunde chache, umimine kwenye boksi la mbao lililotandikwa plastiki safi, ulifunike, kisha ulizungushie kanga mbili ili joto lisitoroke.

Baada ya saa 24 au 48, ukiwa na glovu, itoe na kuikata. Utapata vipande 14 hivi vya gramu 100. Vitanukia. Vitakuvutia kuvitumia. Usivitumie.

Upepo tunaoulalamikia

Kipande kilichokatwa leo kina maji mengi ndani yake, na bado hakijatulia. Kipange kwenye chaga, vipande visigusane, kivulini, penye upepo, kwa majuma manne hadi sita. Kila juma kigeuze. Mwenzetu wa Tanga au Unguja hupigana na unyevu wa bahari, na sabuni zake zinaweza kutoka jasho kwa wiki nzima. Huku kwetu, kuanzia Mei hadi Novemba, hewa kavu hufanya kazi hiyo bila gharama. Upepo unaotupausha ngozi ndio unaoikausha sabuni itakayoitibu.

Hapa tena mizani inasema kuliko pua. Chagua kipande kimoja, kipime kila Jumapili na uandike. Kitapungua uzito haraka mwanzoni, kisha polepole. Siku uzito utakapokuwa uleule kwa majuma mawili, sabuni imekauka. Harufu nayo itakuwa imepungua makali na kutulia. Ile itakayobaki ndiyo harufu yake ya kweli, na ndiyo atakayoikuta mtumiaji hadi kipande kiishe.

Mtihani wa maji ya kisima

Sabuni ya Dodoma haijafaulu mpaka ipite kwenye maji ya Dodoma. Visima vyetu vingi vina maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Sisi tunasema tu, "Maji ya huku yana chumvi, hayatoi povu." Madini hayo huikamata sabuni na kuigeuza ukoko mweupe unaoganda kwenye beseni. Mgeni hudhani sabuni ni mbaya, kumbe sehemu yake inatumika kupambana na maji kabla haijafika kwenye uchafu.

Kwa sababu hiyo maji ya kuyeyushia kostiki ninayatoa kwenye pipa la mvua, niliyoyakinga Januari na kuyachuja. Asiye nayo anunue maji yaliyotoneshwa. Na kwa sababu hiyohiyo sikubali kupunguza nazi chini ya gramu 200 katika kilo, hata bei ikipanda. Bila povu lake, mtu wa kisimani ataisugua sabuni yangu hadi achoke.

Ukifika mahali pa kutaka kuuza, usianzie kwenye lebo. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa. Shirika hilo limekuwa likilea viwanda vidogo tangu 1973, na watakuelekeza njia ya kufikia alama ya ubora ya TBS. Watakuuliza vipimo vyako. Mwenye daftari hujibu palepale.

Daftari langu ni la kawaida, la karatasi mraba. Kila ukurasa una tarehe, uzito wa kila kitu, hali ya hewa, na jina la mtu wa kwanza kuitumia sabuni hiyo. Ukurasa wa kwanza una neno moja tu upande wa kulia: *inauma*. Nilikaa miezi kadhaa kabla sijathubutu kubisha tena kwa yule mama. Nilimpa kipande cha vipimo hivi ulivyovisoma, kilichokaa chagani majuma sita. Hakukinusa. Alimimina maji ya kisima kwenye beseni, akanawa mikono yake taratibu, akaifuta, akakaa akiiangalia kwa muda mrefu mbele yangu, kiganja na mgongo wa mkono. Ndipo akakipeleka kipande puani.

"Mchaichai," akasema, na kukiweka karibu na ndoo yake.